Mihogo ya Mama na Majani ya Ziwani

Sisi tuliokulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, tulivaa nywele za bure. Tulizama, tukang'oa yale majani marefu yanayoota chini ya maji, tukayafunga kichwani, tukawa mabibi harusi. Leo msichana wa hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, anapanda gari mpaka Lilongwe kununua nywele za mtu asiyemjua.

Jumapili mjukuu wangu Esperance, anayesoma koleji huko Lilongwe, alinisomea kazi yake ya nyasi za baharini. Bahari yenyewe hajaiona. Ameandika: "Watu wanaharibu nyasi."

"Wanaiharibu namna gani?" nikamuuliza.

"Namna mingi, Tate," akanijibu mimi bibi yake.

"Na ikistawi?"

"Ndiyo kusema bado hawajaiharibu."

Basi! Nyasi ife au istawi, huyo hawezi kukosea hata akilala.

Nakumbuka mwaka majani yetu yalipoanza kuisha. Samaki wadogo walijificha humo, nao wakaanza kupungua, kwa hiyo wavuvi walikasirika. Mkubwa wao, Baba Daudi, akasimama ufukweni na tumbo lake mbele: "Ni mihogo ya banamuke! Maji yake inaua majani. Batoke hapa!"

Mama aliloweka mihogo michungu katika vikapu palepale ili sumu yake itoke. Bila ziwa, hakuna unga, na sisi watoto sita tungekula nini? Akajifunga kitenge vizuri.

"We Baba Daudi, mi nasema ni wavu wako unaokokota. Tupime."

Wakachomeka miti, sehemu tatu. Moja ya vikapu tu, moja ya wavu tu, ya tatu isiguswe. Mama akachagua ya vikapu karibu na mto. Baba Daudi akacheka: "Mama, unanidanganya! Pale maji inatembea, itaosha mihogo yako." Mama akaona aibu, akahamisha. Zote zikawa kina kimoja, tope moja.

Kisha akamwambia mbele ya watu wote: "Kama ni mihogo, ya kwangu itakufa na ya kwako itabaki. Ikiwa kinyume, utafunga domo?"

"Nitafunga. Na wewe?"

"Na mimi."

Tulingoja, mvua zikaja, zikaisha. Watoto ndio tuliozama kuangalia, mtoto wa mvuvi na mtoto wa mama mihogo pamoja, ili asiwepo wa kudanganya. Pasipoguswa, majani yalitufika kiunoni. Penye wavu, upara, kama kichwa cha Baba Daudi mwenyewe. Penye vikapu yalisimama, ila chini ya kila kikapu yalikuwa ya njano, yameoza.

Sisi wa upande wa Mama tulitaka kunyamaza juu ya ile njano. Mama akatukata jicho: "Semeni yote."

Tukasema. Hakuna mwanamke aliyefukuzwa. Baba Daudi akapeleka wavu mbali, kwenye maji marefu, hakutusalimia mwezi mzima. Na mama, ambaye alikuwa ameshinda, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akaloweka mihogo humo, akibeba maji kichwani kila asubuhi.

Mama hakujua kuandika jina lake. Wa sasa wana simu, wana walimu, wana kiti cha kukalia. Zamani mtu alisema neno lake mbele ya watu, halafu akangoja mvua nzima aone kama ni mwongo. Siku hizi wanaandika leo, kesho wanapewa maksi, na nyasi yenyewe hakuna aliyeiuliza.