Mabakuli ya nyumba nzima: mama alipokuwa akija kunitembelea kwenye kozi ya uofisa

Kwanza niliusikia mlio. Bati likigonga bati, taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyechoka, upande wa pili wa ukuta wa kambi. Sikuwa nimemwona mtu bado. Lakini nilijua ni mama yangu na kikapu chake.

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mwenzetu humu kauliza abebe nini akienda kumwona mwanawe kwenye mafunzo ya jeshi. Nikaanza kumjibu kule kule, jibu likarefuka, nikaona nilihamishie huku. Haya yalinipata mwenyewe, sina sababu ya kuyapamba.

Zilikuwa enzi za Ujamaa, miaka ile ya foleni.

Kwetu Kariakoo tulipanga nyumba ya Kiswahili. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na familia yake, uani bomba moja la wote. Wengi wetu asili yetu kusini, Lindi na Masasi. Nilipochaguliwa kozi ya uofisa, hakuchaguliwa mtoto wa chumba kimoja. Ilichaguliwa nyumba.

Mzee Chitanda, seremala wa chumba cha mbele, aliniita Afande hata kabla sijanyolewa kichwa.

Kambi ilikuwa nje ya mji, wageni waliruhusiwa Jumapili moja kila mwezi. Ile ya kwanza walikuja wote wawili, baba na mama. Tukakaa chini ya mkorosho, mama akafungua kikapu.

Mabakuli ya bati, yale yenye maua ubavuni, kila moja na kifuniko chake. Baba akawa ananitajia kama mwalimu anayeita majina darasani. Huu wali wa nazi ni wa Mama Chiku. Huyu samaki wa kupaka ni wa Mzee Chitanda, kampika mkewe. Hizi mbaazi zimetoka chumba cha nyuma.

"Kula," baba akasema. "Nyumba nzima inakuulizia."

Wakuu, mimi nilikuwa nimejiandaa kusema neno moja tu siku ile. Kwamba nataka kutoka.

Si kwamba nilipigwa au nilionewa, hapana. Nilichoka. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, unaamka nao, unaukuta umekaa ukingoni mwa kitanda unakusubiri. Kila asubuhi nilivaa buti kama mtu anayevaa miguu ya mwenzake. Niliona kabisa kwamba kuongoza watu si kazi yangu.

Nikala wali. Neno likashuka na wali.

Sasa hapa niweke jambo moja kwa vijana. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea kitu kwenye bakuli, unamrudishia bakuli lake na chochote ndani, hata ndimu mbili. Siku ile mama aliyaosha mabakuli kwenye bomba la kambi, akayapanga, kisha akanitazama kidogo.

"Mama, sina cha kuweka."

"Najua, mwanangu. Wataelewa."

Ikawa hivyo kila mwezi. Baba mgongo ukamkataa, mama akawa anakuja peke yake. Mlio ule ule nyuma ya ukuta, mabakuli yale yale, na mimi nakonda. Mwenzangu mmoja wa kozi akawa ananitania: "Wewe si mtoto wa mtu, wewe mtoto wa kata!" Nilicheka naye. Ndani nilikuwa nazama.

Ikaja ruhusa fupi ya kwenda nyumbani. Nikaapa moyoni kwamba safari hii nasema, na ikibidi sirudi.

Sijafika hata katikati ya ukumbi, Mama Chiku akatoka chumbani anafuta mikono.

"Afande! Karibu baba!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mungu akuweke. Ile sukari unayonitumia, Chiku anakunywa uji siku hizi mpaka analamba kikombe."

Nikasimama. Sukari gani?

Mzee Chitanda naye kutoka chumba cha mbele: "Na sabuni yako, Afande! Mke wangu ananifulia mpaka nimekuwa bwana harusi. Jeshini mambo yenu mazuri, sisi huku tulikuwa tunafulia majani ya mpapai!"

Nikawaitikia tu. Nikaingia chumbani kwetu.

Baba alikuwa amekaa mkekani na kikombe cha chai. Nikamwamkia, nikamuuliza mama yuko wapi.

"Foleni. Mjumbe wa nyumba kumi kasema leo sukari inatoka."

Nikaonja chai yake. Haikuwa na hata chembe.

Baba akakohoa kicheko. "Mama yako anasema daktari kamkataza sukari. Na mimi huyo huyo daktari kanikataza, bila kuniona."

Mama aliingia jua limeshainama, vumbi mpaka kwenye nyusi, fundo la sukari kwenye pembe ya khanga. Aliponiona akalificha nyuma, kama mtoto.

"Mama, unajaza mabakuli ya watu kwa sukari yenu?"

Akakaa, akaliweka fundo mapajani.

"Kila nikirudi wamesimama milangoni kusubiri salamu zako. Ningewapa bakuli tupu nikasema nini?"

"Mimi sitaki kurudi kule, mama. Tangu ile Jumapili ya kwanza."

"Tangu ya kwanza? Mbona husemi?"

"Ningesemaje, nao wali wa watu uko mdomoni?"

Alinitazama sana. Kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na nguvu, machozi yanachora vumbi.

"Unajua kwamba mimi nachukia safari ile? Nakuja kukuangalia unavyokwisha, nasema ndicho anachotaka mwanangu, nivumilie."

Baba akaweka kikombe chini. "Mimi nilidhani ninyi wawili mmekubaliana."

Mama akasema kumaliza kozi au kutomaliza ni juu yangu. Yeye habebi tena mabakuli.

Nilirudi kambini, maana kutokurudi ni kesi. Nikaenda kwa mkuu wa mafunzo, nikaomba kuachishwa. Akaniambia nifikiri mpaka siku ya wageni ipite, kesho yake nimpe jibu la mwisho.

Jumapili ikafika. Nikatega sikio ukutani. Kimya. Nikajua hakuja.

Alikuja. Mikono mitupu, khanga tu mabegani.

Nikaenda jikoni, nikamletea chai ya kambi kwenye kikombe changu cha bati. Jeshini sukari ilikuwepo. Akapiga funda moja, akafumba macho.

"Tamu hivi?"

"Kesho nakwenda kusema natoka, mama."

"Kaseme."

"Na nyumbani utawaambia nini?"

"Nitawaambia mwanangu anarudi."

Akanywa polepole mpaka mwisho. Akakigeuza kikombe, akakitikisa, akanirudishia.

"Hiki nakirudisha kitupu," akasema, tukacheka mpaka askari wa zamu akageuka.

Nikatoka kweli. Nikafundisha shule maisha yangu yote. Mzee Chitanda aliendelea kuniita Afande mpaka anazikwa, sijui kwa utani au kwa huruma, sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza ubebe nini: beba kidogo. Mtoto aliyebebeshwa shibe ya watu wengi hapati nafasi ya kusema. Kaa naye, nyamaza, msikilize. Na ninyi mliowahi kutembelewa kambini, kuna neno mlilimeza? Liwekeni hapa, tupo.

Mimi Jumapili ile ya kikombe nilimsindikiza mama mpaka lango dogo la kambi. Hakugeuka. Alikwenda mabega yameshuka, mepesi, bila mlio wowote, na mlango wa bati ukafungwa nyuma yake.