Taja Majina, Mtoto Atoke

Nikiwa mtoto katika kambi ya polisi pale Mbale, Uganda, niliyajua mambo ya uzazi kabla sijajua kuzidisha. Nilijua kwamba mtoto akikataa kutoka, mama yake ameficha jina la mwanamume wa nje. Amtaje, njia ifunguke. Nilijua pia kwamba mwanamke aliyepasuliwa hospitali hakuzaa, alitolewa tu mtoto, kama mtu anavyotolewa jino. Hayo tuliyasikia bombani, tukisubiri ndoo zijae. Wanawake wa kambi walitoka kila upande, Teso, Acholi, Bugisu, na hawakuafikiana hata namna ya kupika posho, ule ugali wetu wa mahindi. Kwa haya mawili waliafikiana kabisa.

Mama yangu aliogopa kisu kuliko kitu chochote. Mimi alinizaa kwa taabu, na daktari akamwonya asithubutu kuzalia nyumbani tena. Lakini jirani yetu mmoja alikuwa amepasuliwa, na aliporudi wenzake wakambatiza Mama Zipu, kwa ule mshono wa tumboni. Mama akaona afadhali uchungu kuliko kuchekwa. Mimba ya pili ilipofika, akamwita Mama Akello, mkunga wa kambi, mwenye mikono ya upole na mdomo usio na breki.

Uchungu ulianza asubuhi. Jua lilipofika utosini mtoto alikuwa bado. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, nami nilikuwa upande wa pili, nimesahaulika. Nilisikia kila kitu.

"Mama Nekesa, mtoto amekwama," alisema Mama Akello, akimwita kwa jina langu. "Na wewe unajua kwa nini. Taja, mama. Hapa tuko wanawake peke yetu."

"Sina wa kumtaja."

"Banange! Unataka kufa na kiumbe tumboni kwa sababu ya aibu?"

Wanawake wengine waliomzunguka wakadakia. Taja. Taja upone. Mama alikuwa akilia sasa, na mimi pazia nilikuwa nimeliuma kwa meno. Ndipo mtu akakimbia kumwita baba kazini. Alipoingia na magwanda yake nilimshukuru Mungu, nikijua atawafukuza wote. Nilimjua baba kuwa mkali.

Hakumfukuza mtu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Taja tu, mama. Hata jina la uongo. Sitakasirika. Mtoto atoke."

Hadi leo maneno hayo yananichoma. Najua alikuwa na hofu, na najua alimpenda mama. Lakini mwanamke ambaye hajafanya kosa alikuwa akiombwa ajitwike kosa ili aruhusiwe kuishi, na mwombaji ni mumewe!

Kisha nikamsikia mama akicheka, kicheko kikavu. "Kumbe hata wewe," alisema. Kitanda kikalia, pazia likasukumwa, nikamwona amesimama, mkono mmoja ukutani, kitenge kimelowa.

"Kisu hakiniulizi majina," alisema. "Afande, leta gari."

Hakuwahi kumwita baba afande. Baba akatoka mbio kama kuruta. Mama Akello akajaribu kuziba mlango: "Watakupasua!"

"Wanipasue. Toka mlangoni."

Walimpasua kweli. Ndugu yangu alitoka amechoka, akakawia kulia, lakini alilia. Daktari alimwambia baba kwamba wangezidi kukawia angezika wawili.

Mama alichekwa, tena sana. Wengine walisema alipasuliwa kwa sababu alificha. Aliwasikia, akaendelea kujaza ndoo yake. Baba alimwomba msamaha mara nyingi. Alimsamehe, ila si upesi, na mimi namsifu kwa hilo.

Siku hizi naishi Jinja, na mimba yangu ya kwanza imekaribia siku zake. Sikusudii kuwacheka wanawake wale. Walikuwa wamewazika wenzao waliokufa wakizaa, na walitaka sababu. Ila sababu waliyoichagua ilimpandisha kizimbani mwenye uchungu peke yake, ikawaacha wengine wote salama. Hilo silikubali, na binti yangu akizaliwa hatalisikia kwangu. Watu hudhani mambo haya yameisha, eti kwa kuwa kila mtu ana simu. Wapi! Simu ndiyo inayoyaleta.

Juzi mama mkwe alinipigia kutoka Namakwekwe, kule kule Mbale. Ni mama mwema, ananipenda, na aliuliza kwa upole kabisa.

"Mwanangu, kuna jambo lolote moyoni mwako? Liseme mapema, usije ukateseka."

"Lipo, mama," nikamwambia. "Naogopa. Naogopa uchungu, naogopa kisu, naogopa kufa. Nimeshamwambia daktari, na amenipangia siku ya kwenda kupasuliwa. Nitakwenda."

Akasema, sauti imebadilika, "Mimi niliwataja wanaume wawili. Sikuwajua hata mmoja."