Bi Gonia na Mbuzi wa Jirani

Bi Gonia hakuliwa na mbuzi. Nilimla mimi, nikiwa darasa la pili, nikaendelea kukana hadi nikapata shahada mbili.

Mwaka 2014 nilirudi Kasulu kikazi, nikaliona ua lile dirishani kwa ofisa mmoja: maua mekundu, jani limepinda upande mmoja kama moyo uliokatwa na fundi mwenye haraka. Mate yakanijaa mdomoni.

Ukionja shina lake utanielewa. Lina maji, linavunjika kwa mlio, na uchachu wake unashinda ukwaju. Bibi alipewa kipande na mwalimu wa chuo cha ualimu, akaambiwa ni begonia. Bibi, aliyeongea Kiha zaidi ya Kiswahili, alisikia "Bi Gonia", akajua ni mama mwenye heshima zake. Akamweka barazani, kwenye kopo la mafuta ya kula, na kila asubuhi akamwamkia: "Mwakeye, Bi Gonia!" Alisema mama huyu hapendi jua kali wala kulowa miguu, hivyo anyweshwe kidogo. Kumnywesha ilikuwa kazi yangu. Unaona shida ilipoanzia.

Siku bibi alipokwenda kuvuna maharage, nilivunja shina moja nionje tu. Hadi jioni lilibaki kopo. "Ni mbuzi wa jirani," nikasema, meno yameingia ganzi. Mbuzi wa watu akafungwa kamba msimu wote wa mvua. Tangu hapo jirani akinikuta alikuwa akisema, "Mbuzi wangu anakusalimu," nami, msomi mtarajiwa, nikijibu, "Nimezipokea."

Baraza ile sasa ni saruji tupu. Yale makopo ya maua yaliyokuja kuijaza hayapo, na jirani tulishamzika. Sikutaka bibi naye aondoke akiniamini bure. Nikampigia simu nikiwa njiani kurudi, stendi ya Kibondo.

"Bibi, yule Bi Gonia... nilimla mimi."

Kilisikika kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Mjukuu wangu, mbuzi gani anakula mashina, halafu majani anayaficha chini ya mkeka? Yale majani niliyachomeka kwenye udongo, yakaota yote. Makopo yale unadhani yalitoka wapi?"

"Na jirani?"

"Alijua siku ileile. Tulimfunga mbuzi tuone utasema lini. Umechelewa kidogo, mama. Mbuzi ameshakufa."