Maji ya Uvuguvugu Chini ya Meza

Madobi wenzake pale hospitali walimpa jina la Mama Chapuchapu, naye alilipenda. Tangu amzike mumewe na kubaki na binti yao mmoja, aliishi kama mtu anayefukuzwa. Kilemba alikifungia njiani, chai aliinywa amesimama, na sala ya asubuhi aliisali huku anatafuta kiatu cha pili. Ukimsalimu, jibu lake lilikufikia mwenyewe akiwa ameshakupita. Kwenye chumba cha kufulia hakuna aliyemfikia kwa kukunja mashuka. Shuka lilipaa, likajikunja hewani, likatua mezani limenyooka, naye mkono uko tayari kwenye jingine.

Siku aliyoanguka ilikuwa siku ya kawaida. Sabuni ilimwagika sakafuni, naye alikuwa anaikimbilia mashine iliyokuwa imemaliza kuzunguka. Nyonga ikavunjika. Akalazwa wodini, juu ya mashuka aliyoyakunja mwenyewe.

"Utatembea," daktari alimwambia, "ila mambo ya mbiombio usahau."

"Nitatembea," alijibu. Ile sehemu ya pili aliiacha ipite.

Miezi aliyokaa nyumbani ilimchosha kuliko kazi. Kila jioni binti yake alimshika mkono wakazunguka ua, mama anauma meno, mtoto anamwambia inatosha, mama anasema bado. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu, amrudishie mwendo wake. Mungu akamrudishia kazi, mwendo akabaki nao Yeye.

Aliporudi, msimamizi wa madobi aliutazama mkongojo kabla ya kumtazama yeye.

"Mama, si upumzike sasa? Umeshatufanyia kazi vya kutosha."

"Sikuja kuaga," alisema. "Nipe meza yangu ya kukunjia. Mashuka hayakimbii, mimi nami sikimbii. Tutaelewana."

Msimamizi alicheka, na aliyekwisha kucheka huona taabu kukataa. Akampa meza.

Sasa safari yake ya kwenda kazini ilikuwa ndefu, kwa hiyo akawa anatoka nyumbani mapema na kufika kabla ya wenzake. Ndipo asubuhi moja, akiwa ameegemea mlango anavuta pumzi, alipomwona Pilipili ndani.

Pilipili alikuwa mzee wa boila, mchochea moto wa maji ya kufulia. Jina hilo lilitokana na ulimi wake. Ukimwambia maji yamepoa, alikuuliza kama unamwona yeye ni jua. Madobi walimkwepa, na hata waliotumwa kwake walirushiana zamu. Lakini asubuhi hiyo alikuwa ameinama na beseni mikononi, analisogeza taratibu chini ya meza ya Mama Chapuchapu. Akachovya kiwiko majini, kama mzazi anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Akaridhika, akatokea mlango wa nyuma.

Beseni lile Mama Chapuchapu alilijua. Alilikuta pale kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, asubuhi vilikataa kukunjika, naye alivitumbukiza kwenye maji hayo mpaka vikalegea, akili iko kwenye mashuka. Alidhani mfagiaji ndiye anayelisahau. Kwa nini maji ya mfagiaji yawe safi, tena ya uvuguvugu, hakuwahi kujiuliza. Hakuwa na nafasi ya kujiuliza.

Akakaa. Wenzake walimkuta amekaa hivyo, mikono ndani ya beseni, hakunji chochote. Alikuwa anamfikiria Yesu siku ile aliyoitwa kwenye nyumba ya mtoto mahututi, watu wanamsonga, kila mmoja anataka aharakishe, na mwanamke mmoja akamgusa vazi kwa nyuma. Yesu alisimama. Alikuwa anawahi kumwokoa mtu, na bado alisimama kuuliza ni nani. Habari hiyo Mama Chapuchapu aliisikia tangu utotoni. Leo ilimhusu yeye. Mwenye safari kama ile alisimama, na yeye na mashuka yake hakupata hata siku moja ya kuuliza maji haya ni ya nani.

Saa ya mapumziko alijikongoja mpaka chumba cha boila.

"Beseni ni wewe?"

"Beseni gani?"

"Nimekuona, mzee wangu."

"Kama umeniona unauliza nini? Toka hapo, mvuke utakuharibia kilemba."

Alitoka, lakini kushindwa hakukuwa tabia yake. Kesho yake alirudi na chupa ya chai na kikombe.

"Sinywi chai ya watu," Pilipili alisema.

"Sawa. Basi na ipoe hapa," akaiweka dirishani, akaenda zake.

Jioni alikuta kikombe kitupu.

"Panya," alisema Pilipili bila kugeuka.

"Wana adabu panya wako. Wameosha na kikombe."

Ikawa hivyo, siku baada ya siku. Yeye anapeleka chai na salamu, mzee ananung'unika. Wenzake walimwambia anatwanga maji kwenye kinu. Aliwajibu kwamba kinu ni chake na mchi ni wake.

Siku moja ya mvua, Pilipili alimsogezea ndoo iliyopinduliwa akae. Alizungumza huku anautazama moto.

"Mke wangu alikuwa dobi wa majumbani. Mikono yake ilikuwa hivyo hivyo kama yako. Kila asubuhi nilimchemshia maji atie vidole. Alipofariki, niliamka nikachemsha kama kawaida. Nikakumbuka hakuna wa kumpelekea." Akasukuma kuni. "Wewe ulipoanza kazi hapa nilikuona unapuliza vidole. Nikaona maji nisiyamwage."

Mama Chapuchapu alivitazama vidole vyake.

"Miaka yote hiyo. Mbona hukusema? Hata asante hukuwahi kuisikia kwangu."

"Ulikuwa unapita kama treni. Nani anaongea na treni?"

Alicheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko.

Usiku alimsimulia binti yake yote, akamwambia amekata shauri. Ameomba sana arudishiwe haraka yake, sasa haiombi tena. Asubuhi atamwomba Bwana macho ya kuona, na kila aliyemtendea jema atasimama mbele yake amshukuru, kazi ingoje. Binti akamuuliza kama msimamizi atakubali. Mama akasema msimamizi naye atashukuriwa, atazoea.

Kesho yake mchana aliwatangazia madobi kuwa Pilipili atakula nao kwenye benchi.

"Atatuunguza kwa maneno yule," mmoja alisema.

"Mtaungua kidogo," alijibu. Akawaeleza habari za beseni, zote, hata za mke wa mzee. Yule aliyelalamika akajisogeza kuacha nafasi.

Pilipili alikataa mara ya kwanza, na ya pili. Mama Chapuchapu alisimama mlangoni pake na mkongojo wake, akamwambia hana haraka, anaweza kusimama hapo mpaka jioni. Mzee alimtazama, akaona ni kweli. Akafuta mikono, akamfuata, mwendo wake akiulinganisha na wa kwake.

Madobi walimkaribisha, mmoja akaombea chakula. Pilipili alikula chote, akasema chumvi imezidi. Siku iliyofuata akaja mwenyewe, bila kuitwa.