Kwenye fomu ya viza, Zuurakan si mama tena

Saa moja asubuhi, na ua wa Zuurakan Toktosunova katika mji wa Tokmok tayari umejaa vumbi. Ameketi chini, mguu mmoja ameunyoosha, fimbo mbili nyembamba mikononi, anaipiga sufu ya kondoo iliyotandazwa juu ya ngozi kavu ya ng'ombe. Kushoto, kulia, kushoto. Sufu inafura na kuruka, naye anapiga chafya bila kupumzisha mikono.

"Usipoipiga vizuri, mteja anakurudishia godoro kabla baridi haijaisha," anasema. "Na anakurudishia na maneno yake."

Zuurakan ana miaka 68. Anashona magodoro ya kutandika sakafuni, yale ambayo binti wa Kikirgizi haolewi bila rundo lake. Godoro moja la sufu safi linamwingizia kama elfu mbili za som, sarafu ya hapa, na wakati wa harusi nyingi anashona mpaka vidole vinakataa kukunjika. Amefanya kazi hiyo tangu mumewe, marehemu Sagynaly, alipokuwa dereva wa trekta la shamba la ushirika.

Lakini siku hizi kuna godoro moja analolishona ambalo haliuzwi. Halizidi urefu wa mkono. Ni la kitanda cha mbao cha kubembelezea mtoto, na mtoto mwenyewe yuko Leipzig, Ujerumani.

Baba wa mtoto huyo ni Elzar, mwenye miaka 27, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mkewe alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Kwa desturi, mtoto hulazwa kitandani mara ya kwanza na bibi yake mzaa baba, mbele ya wanawake wa ukoo. Bibi ndiye humfunga kwa mikanda ya kitambaa ili asianguke, na ndiye humwombea dua. Elzar ameagiza kitanda, kimefika, na kimesimama sebuleni kitupu. Ameapa kwamba hamlazi mtu humo mpaka mama yake afike.

Mama anayemsema ni Zuurakan. Hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Kwetu hapa, mtoto wa kwanza wa kijana wa nyumba huwa ni wa wazee. Hakuna mahakama inayohusika wala anayeandika chochote. Elzar alizaliwa na Kubat, mtoto wa Zuurakan, na mkewe Damira, aliyekuwa na miaka ishirini tu. Siku arobaini zilipotimia, Sagynaly alikunywa chai yake akasema mtoto huyu ni wetu, na ikawa hivyo. Elzar alikua akimwita Zuurakan mama. Baba yake mzazi alimwita kaka, na Damira, aliyembeba tumboni na kumnyonyesha, alimwita shemeji.

Nyumba nzima ilijua, mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyeona ajabu. Nimehudhuria sherehe nyingi katika mji huu ambako mvulana anamsalimu mama yake mzazi kama shemeji, na wageni wanaendelea kula nyama yao.

Ulaya haili nyama hiyo. Viza ya kutembelea, inayomruhusu mgeni kukaa hadi siku tisini, inataka mambo yake. Inataka pasipoti ambayo haitaisha muda upesi, bima ya matibabu, mahali pa kufikia, barua ya mwenyeji anayekubali kubeba gharama, alama za vidole, na ushahidi kwamba mgeni ana sababu ya kurudi kwao. Juu ya yote inataka kujua wewe ni nani kwa huyo unayemfuata, na inataka kuona kwa karatasi.

Kuhusu kurudi, Zuurakan hakuwa na wasiwasi. Alipeleka hati ya nyumba, karatasi ya pensheni, na picha ya kondoo wake saba ambayo hakuna aliyemwomba. "Nani angewanyoa?" anauliza. "Kubat yuko Urusi anaendesha lori. Damira akishika mkasi, kondoo wanakimbilia kwa jirani."

Damira, ambaye anachemsha maziwa mlangoni mwa jiko, anacheka bila kugeuka.

Fomu ilijazwa na binti mmoja mwenye kioski karibu na soko. Akamwuliza Zuurakan uhusiano wake na mwenyeji. Zuurakan akajibu mwanangu, na binti akaandika mwana. Katika bahasha hiyohiyo akatia cheti cha kuzaliwa cha Elzar, kwa sababu kilikuwa kwenye orodha. Hakuna kati yao aliyeona kosa. Cheti kilisema mama ni Damira, fomu ikasema mama ni Zuurakan, na kwa wanawake wawili wa Tokmok hayo mawili hayakugombana hata kidogo.

Dirishani, katika ofisi ya maombi ya viza kule Bishkek, mji mkuu, aliketi kijana Mkirgizi aliyefunga tai. Aliyapitia makaratasi mara mbili.

"Mama, hapa umeandika Elzar ni mwanao."

"Ndiyo."

"Cheti kinasema mama yake ni Damira."

"Damira ni shemeji yake," Zuurakan akamjibu.

Kijana aliweka kalamu chini. Zuurakan anaamini kwamba alielewa yote, pengine yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Alishusha sauti, akamwuliza kama yeye ndiye aliyemzaa Elzar. "Nikamwambia, kuzaa alizaa mwingine, mama yake ni mimi. Akaandika. Sijui aliandika nini, lakini alinisikitikia, nilimwona."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Ombi lilikataliwa, kwa kuwa maelezo kuhusu uhusiano na madhumuni ya safari hayakuaminika. Habari ilienea sokoni kabla hajafika nyumbani. Muuza jibini, rafiki yake wa miaka mingi, alimtania kwamba Wajerumani wamemkamata kwa wizi wa mtoto. Wote walicheka, na Zuurakan akacheka nao. Alipofika nyumbani alilia mpaka kichwa kikamuuma.

"Nilijiona mwongo," anasema. "Mimi, niliyekesha naye akiwa na surua, niliyempeleka shule kwa miguu kwenye theluji. Mtu ambaye hajawahi kuniona ananiambia siaminiki."

Ukimsikiliza unaweza kuichukia kanuni ile, na mimi niliichukia kidogo. Lakini kanuni haiwezi kuuliza nani alikesha na wewe. Inaweza kuuliza tu nani alikuzaa, na kwa hilo jibu lilikuwepo tangu mwanzo.

Elzar alipiga simu kwa video jioni hiyo. Alieleza kwamba sheria haimzuii mtu kuomba tena, ila safari hii kila kitu kisemwe kama kilivyoandikwa. Angeandika barua mpya ya mwaliko, naye Zuurakan angejaza kwamba ni bibi. Alisema hayo akiwa ameinamisha uso. "Mama, wakikuuliza, wewe sema bibi," akamwambia. "Mimi nitajua."

Zuurakan alimjibu kwamba Ujerumani imemzeesha mara mbili kwa mpigo, kwa sababu kwa hesabu hiyo kichanga cha Leipzig si mjukuu wake tena, ni kitukuu. Elzar alicheka. Simu ilipokatika, mwanamke huyu aliketi na kile kigodoro mapajani, sindano imekwama kwenye mshono, hakushona.

Ilibaki kazi moja. Kubat alituma kutoka Urusi maandishi ya kuthibitisha kwamba Elzar ni mwanawe. Damira alitakiwa kwenda na mama mkwe wake kwa mwanasheria ili atoe tamko lenye muhuri kuhusu nani ni nani katika ukoo. Walikwenda siku ya Jumanne. Mwanasheria, mwanamke wa makamo asiye na muda wa kupoteza, aliuliza bila kuinua macho: mama mzazi wa Elzar ni nani?

Damira aligeuka akamtazama mama mkwe wake.

Zuurakan anaweka fimbo chini anapofika hapa. Anajipangusa sufu usoni kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Alikuwa ananiomba ruhusa," anasema. "Mwanamke wa miaka arobaini na saba, ameniletea wajukuu wengine watatu, ananipikia chai kila siku. Anaulizwa kama alizaa, ananiangalia mimi kwanza. Niliona aibu. Sijawahi kuona aibu namna ile."

Akamwambia, sema, mwanangu.

"Ni mimi," Damira akasema. Mwanasheria akamwambia apaze sauti kidogo, hakusikia. Damira akarudia, na mara ya pili machozi yakamtangulia. Mwanasheria alipiga muhuri wake, akawaita waliofuata.

Nje walinunua sambusa za tanuri wakala wamesimama. Damira ananiambia mwenyewe kwamba ile ndiyo mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya mkwewe. Hamlaumu mtu. Wakati ule, anasema, bibi harusi mpya hambembelezi mwanawe mbele ya wazee, na yeye hakujua kwamba ingeweza kuwa vingine. "Alipoanza kutembea alinijia mimi," anasema. "Nikamgeuza mabega, nikamwelekeza kwa mama." Kisha anarudi kwenye maziwa yake, ambayo yameanza kufurika.

"Siku zote hizo za kulia, nilidhani mimi ndiye niliyenyimwa," anasema Zuurakan, akimtazama mgongo.

Jioni ileile ya Jumanne alimpigia Elzar na kumwagiza abadilishe barua. Badala ya mgeni mmoja, wawe wawili: bibi, na mama. Elzar akaomba apewe Damira. Aliyoyasema huko kwenye simu, Damira hajayatoa kwa mtu. Alikwenda na simu uani, akakaa na kondoo mpaka kiza kilipoingia.

Sasa maombi mawili yako tayari, kila moja na bima yake na tamko lake lenye muhuri, na wiki ijayo watapanda gari kwenda Bishkek. Wanafanya mazoezi. Damira anakuwa karani, anakunja uso, anauliza kwa sauti ya kiofisi: "Elzar ni nani wako?" Mara za kwanza ulimi wa Zuurakan uligoma kabisa. Jana alisema mjukuu bila kusita, kisha akaenda kujifanya anatafuta uzi.

Mpango wa siku ya kitanda pia umebadilika. Kigodoro atashona yeye, hilo halina mjadala. Lakini atakayemlaza mtoto na kumfunga mikanda ni Damira, kwa kuwa ndiye bibi yake. Zuurakan atakaa pembeni na kukosoa, kazi ambayo, kwa maneno yake, hahitaji viza kuifanya.

Namwuliza swali ambalo nimekuwa nikiliogopa. Viza hutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Je, akipata mmoja tu?

Hafikiri hata kidogo. Inaonekana swali hilo amekwisha kulimaliza peke yake.

"Basi aende Damira," anasema. "Mimi nilimpata Elzar mzima, miaka yote. Huyu hajampata hata siku moja."

Mlangoni mwa jiko, Damira ameshika sufuria kwa mikono miwili. "Mama, usiseme hivyo," anasema.

"Nimeshasema," anajibu Zuurakan, na kuokota fimbo zake. "Tena uanze kujifunza kufunga mikanda. Usije ukaniaibisha huko kwa mwanao."