Shikamoo ya Mzee wa Mitwero

Ninayoyaandika hapa yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki yangu, si binamu wa jirani. Najua mnavyosema mkisikia mambo kama haya, maana na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Nimezaliwa Mkatoliki, nimetumikia altareni tangu kaptula inanipwaya, na habari za majini wa Pwani nilikuwa nikizisikiliza kwa kucheka. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele sidhani kama utaweza.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam. Kwetu ni Tingi, wilaya ya Kilwa. Baba alifariki nikiwa mdogo, akabaki mama na shamba lake la ufuta na mihogo, na mimi mtoto wake wa pekee. Mama hakuwa na mambo mengi, ila kwenye salamu hakuwa na mchezo. Ukipita mbele ya mkubwa bila kumwamkia, siku hiyo utaisikia mpaka unalala. Na ukimwamkia yeye mwenyewe, alikuwa na namna yake ya kuitikia: "Marahabaaa, mwanangu," anaivuta hiyo sauti mpaka unajisikia umefika nyumbani. Ukiniuliza leo ni kitu gani nilichopoteza, nitakujibu ni hicho.

Ilikuwa miaka ile mfungo wa Ramadhani ulipoangukia kwenye likizo ndefu ya vyuo. Tukapangiwa mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi tunayaita fildi, na mimi nikapelekwa Lindi mjini, kwenye ofisi moja ya maji. Wenzangu waliobaki Dar walinicheka sana, eti mwana katupwa kusini. Mama naye aliiona Lindi ni jiji la kutisha kama Dar yenyewe. Kabla sijaondoka alinishika bega akasema, "Huko mjini usione haya kumsifu Yesu, na waamkie wakubwa. Usinitie aibu kwa watu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilipanga chumba Mitwero, nyumbani kwa Bi Somoe, mama wa makamo aliyefiwa na mumewe. Mwislamu safi, sala tano hazimpiti, lakini alinichukua kama mjukuu. Mfungo ulipoanza alikuwa akiniwekea chai kwenye chupa na kunisukumia chumbani. "Kanywe huko ndani, kafiri wangu wewe, usinitamanishe!" Tunacheka wote. Watu wa kule waliishi nami vizuri, siwezi kusema uongo.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, muda ule ambao mji wote umenyamaza, watu wamejilaza wanasubiri futari. Kazi yangu ilikuwa kusoma mita: unapita nyumba kwa nyumba, hodi hapa, hodi pale, unafunua kifuniko, unapangusa vumbi, unachukua namba. Njaa ikanibana. Mkobani nilikuwa na kipande cha mkate wa kumimina alichonifungia Bi Somoe tangu daku. Lakini nitakula wapi? Mji wa watu wamefunga, na wewe mgeni, Mkristo, usimame barabarani unatafuna? Sikulelewa hivyo. Nikaona gofu moja, nyumba iliyoishia kwenye linta, haijaezekwa, majani yameota mpaka sebuleni. Nikaingia, nikakaa juu ya tofali, nikaugeukia ukuta, nikala.

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Kugeuka, nikamwona mzee amekaa pembeni, magoti yamekutana na kidevu. Mzee hasa, ndevu nyeupe, mikono imekauka. Kilichonishangaza ni mavazi. Alivaa suruali ya bugaluu, zile pana chini ambazo nimeziona tu kwenye picha za ujana wa marehemu baba, na shati la kola ndefu lililopauka. Nikaona aibu iliyoje! Mdomo umejaa mkate, mfungo, na mbele yangu mtu mzima. Nilikuwa natafuta namna ya kumeza ili nimwamkie, akanitangulia.

"Shikamoo, babu," akasema.

Hebu jiweke wewe mahali pangu. Ungefikiria nini? Mimi nilifikiri ni utani. Si ndivyo babu zetu wanavyotutania? Babu yangu mzaa mama alikuwa akiniamkia hivyo kila nikienda kwake, nami nakaza sauti, naitikia kizee, nyumba nzima inacheka. Nikajua mzee huyu kanikuta nakula mchana wa Ramadhani, badala ya kunifokea ameamua kunitania. Nikamshukuru moyoni. Nikameza, nikaikaza sauti, nikasema, "Marahaba, mjukuu wangu! Hujambo?"

Hakucheka. Aliinua uso kunitazama. "Umeitikia?"

"Nimeitikia, babu."

Akajifunika uso kwa viganja akalia. Si kilio cha mzee, niamini, kilikuwa kilio cha mtoto aliyepotea akaonekana. Halafu akasema, "Nisamehe, kaka yangu. Nisamehe." Kaka! Akainuka bila kushika magoti, bila kushika ukuta. Alipofika mlangoni jua likampiga usoni, na aliyesimama pale hakuwa mzee. Alikuwa kijana wa rika langu, mashavu laini yamelowa machozi, na ile bugaluu imemkaa sawasawa. Alitoka mbio. Nikasikia miguu yake kwenye kokoto mpaka sikusikia tena.

Nilitoka pale haraka, mkate nimeuacha. Njiani nikapishana na wasichana wa shule. "Shikamoo babu!" wakasema wote kwa pamoja. Nikajua watoto wana wazimu wao. Mbele kidogo yupo fundi baiskeli, mzee wa watu ambaye nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi. Nikamwamkia kama kawaida yangu. Akasimama, akavua kofia. "Aa, mzee wangu, unanitia dhambini. Shikamoo mwenyewe." Nikatoa simu, nikajipiga picha, nikajitazama. Nilikuwa mimi, uso wangu ule ule, hata chunusi ya kidevuni ipo. Mpaka leo nikitazama kioo namwona kijana yule yule. Ninyi ndio mnaomwona mwingine.

Bi Somoe alinifungulia mlango, kichujio cha uji wa futari kimo mkononi. "Shikamoo babu, karibu. Unamtafuta nani?"

"Bi Somoe, ni mimi," nikasema.

Kichujio kikamwanguka. Sauti yangu haikubadilika, hiyo ndiyo niliyoachiwa. Alinitazama, akainua upindo wa khanga akajifunika macho. "Sema tena." Nikasema. "Sauti ya mjukuu wangu hii," akanong'ona, "lakini huyu ni nani?" Nikamweleza yote, yeye amejifunika macho muda wote, machozi yanapita chini ya khanga. Kisha akamwita jirani yake, mwalimu wa madrasa, mtu mpole.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka aniambie ni jini, nilitaka hivyo kabisa, maana jini lina kisomo, na mimi nina sala zangu na maji ya baraka. Akatikisa kichwa. "Mwezi huu mashetani wote wamefungwa," akasema. "Aliyekuamkia ni mtu. Na yeye aliwahi kuitikia, kama wewe."

"Sasa nitatokaje?"

Akajibu polepole. "Kwa mlango alioutumia yeye, uso kwa uso. Lakini ukiutumia, mwanangu, utakuwa umemfungia mwenzio humo." Aliniita mwanangu kwa sababu na yeye alikuwa amefumba macho.

Usiku ule Bi Somoe hakulala, na kulipokucha akaniambia kwa upole kwamba hawezi kukaa nyumba moja na sauti yangu. Simlaumu. Ofisini mlinzi aliniamkia akanionyesha benchi la wateja. Nikaenda kanisani. Nilingoja padri amalize misa, padri mzee mwenye mvi, nikampigia magoti. Akaniwahi mikononi akaniinua. "Shikamoo, mzee wangu. Usipige magoti, utaumia." Nilimwambia kila kitu, akanisikiliza kwa huruma ile wanayosikilizwa nayo wazee waliochanganyikiwa. Tangu siku hiyo hata Baba Yetu inanishinda. Naanza neno la kwanza, naogopa nitakachoitikiwa.

Mama alikuwa na simu ya kitochi tu, isiyo na picha, kwa hiyo hakuweza kuniona usoni. Nilimpigia jioni ile ile. "Shikamoo mama." Na kule ng'ambo ikaja: "Marahabaaa, mwanangu." Nililia, nikamwambia nina mafua. Dunia nzima alibaki yeye peke yake wa kuniitikia. Chuo nilikiacha, ningerudi na uso upi? Nikamdanganya nimepata kazi. Kila simu aliniuliza, "Unakuja lini?" Nami najibu karibuni, mama, karibuni.

Nilijitahidi, lakini kipindi cha kuvuna ufuta nikashindwa, nikaenda. Nilimkuta uani anapukuta ufuta kwenye turubai. Alikuwa amekonda. Aliponiona akaacha kazi, akajipangusa mikono kwenye khanga, akapinda magoti. Mama yangu mzazi akanipindia magoti. "Shikamoo, baba. Karibu, kaa kivulini."

Ningemjibu nini? Nikifungua mdomo atasikia sauti ya mwanawe inatoka kwenye uso wa mtu asiyemjua, na mama ana presha. Na kumwitikia marahaba mama yangu, hilo sikuweza, afadhali nife. Nikainamisha kichwa tu. Akaniletea kigoda, akaniletea maji, akadhani mimi ni bubu, na watu huwaambia mabubu mambo yao. Akaniambia ana mwana mjini. Kijana mzuri, ana heshima, anapiga simu kila mara, ila haji. "Labda nilimkosea mahali, baba, sijui," akasema. Nikanywa maji yake, nikainuka, nikaondoka.

Nilikuwa sijafika hata barabarani simu ikalia. "Mwanangu, leo kapita mzee mmoja hapa, maskini, hasemi. Sijui kwa nini amenifanya nikukumbuke wewe." Nikakaa chini njiani pale pale. Nikamwamkia, na yeye akaniitikia kwa simu, na mimi nauona moshi wa jiko lake kwa macho yangu.

Siku hizi nauza karanga stendi ya Lindi. Vijana wananipisha kwenye viti, wananibebea mzigo, na heshima yote hiyo ni ya mtu mwingine. Wenzangu wa chuo wana wake na watoto sasa. Mmoja alishuka kwenye basi, akanunua karanga kwangu, akanipa shikamoo. Nikampa karanga zake.

Nayaandika haya kwa sababu mama anaumwa. Sauti imekuwa nyembamba, marahaba yake haivutiki tena kama zamani. Hajaniuliza nakuja lini, safari hii amesema, "Njoo nikuone, mwanangu, halafu basi." Na mimi najua namna ya kwenda. Najua vizuri mno. Stendi hapa vijana wanashuka kila siku, wapya, na mabegi yao ya fildi, wamelelewa vizuri, wanapenda utani wa wazee. Juzi alikuja mmoja, msalaba shingoni, akaniuliza njia ya Mitwero. Nilifungua mdomo. Nilifika "shika," nikaikata, nikasema, "Shika njia hii, mjukuu wangu, unyooke." Nikafunga karanga zangu, nikaondoka stendi. Leo mama amepiga tena, na sijui kesho nitafika wapi na hilo neno.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Mzee akikuamkia, usiitikie, hata kwa utani, hata kama kakukuta unakula. Mwonee huruma ukitaka, mnunulie karanga, lakini nyamaza. Nilimchukia sana yule kijana wa gofuni. Sasa simchukii. Nadhani hakuwa mtu mbaya, nadhani na yeye palikuwa na mtu anamngoja nyumbani. Ndiyo maana nakuambia mapema, nikiwa bado nina moyo wa kukuambia: ukinikuta pale stendi, nikakuamkia, hata kama nalia, usiniitikie.