Vilima vinne uani kwetu

Jamani, leo asubuhi nimekuta makaburi manne uani!

Tuko familia nne hapa Sumbawanga mjini. Tulinunua kiwanja pamoja, kila mtu akajenga nyumba yake, ila jiko na ua ni vya wote.

Sasa familia nne, vilima vinne vya udongo. Na Mama Desi, mwenzetu Mfipa, kainama anafukia kitu kwenye cha mwisho.

Mimi Msukuma, mgeni huku. Na mji huu mnajua unavyosemwa kwa uchawi.

"Shikamoo, mama. Unazika nini?"

"Marahaba. Nafukia nyasi, mwanangu. Zikioza tunapanda maharage. Sisi Wafipa ndivyo tunavyolima."

Weee! Nidanganywe mchana kweupe? Nikachukua jembe, nikafukua kimoja mbele yake.

Nyasi tupu.

Hakugomba. Alikifukia tena taratibu, akajipangusa mikono.

"Na wewe mwanangu, jiko ni letu sote. Mbona pipa lako la maji umelitia kufuli? Unadhani tutakutilia nini?"

Ufunguo huu hapa, unaning'inia shingoni kwangu.

Nyie mngemjibuje? Maana mimi niliingia ndani, na kufuli bado sijalitoa.